Nani Atajibu? Neno Kuhusu Vidonge, Mitishamba na Upendo wa Jirani

 

Katika barua hii ya kanisa tumezoea kuandika juu ya maombi, ndoa na malezi ya watoto. Safari hii tunaandika juu ya dawa. Tafadhali msiseme kwamba hilo ni jambo la madaktari na wauguzi peke yao, kwa maana limefika mpaka mlangoni pa kanisa. Zaidi ya mara moja wauzaji wa virutubisho vya mitishamba, vile vya unga na vidonge vinavyoletwa kutoka mjini katika chupa nzuri, wametuomba dakika tano baada ya ibada ili watangaze. Wanasema vitu vyao ni vya asili na havina madhara. Wanasema vinatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na ugumba. Bei ya chupa moja inaweza kumaliza posho ya familia.

Baraza la wazee limekataa. Wengine kati yenu mmeuliza sababu. Je, si Mungu aliyeumba majani? Je, si vidonge vya hospitali ndivyo vyenye sumu? Maswali hayo ni ya haki, nasi tunataka kuyajibu polepole.

MAJANI NI YA MUNGU

Tuanze na jambo ambalo hatubishani. Majani, mizizi na maganda ya miti ni kazi ya mikono ya Mungu. Nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia (2 Wafalme 20:7). Ezekieli aliona katika maono miti ambayo majani yake yalikuwa ya kuponya (Ezekieli 47:12). Mtu akisema kwamba mti wa porini hauna nguvu ya dawa, anasema asilolijua.

Sisi tuliotoka Kivu tuna ushahidi katika vinywa vyetu. Wengi wetu, pamoja na ndugu wa Burundi na Rwanda, tunaita kila kidonge "kinini", hata kama ni cha kichwa. Neno hilo linatoka katika kwinini, dawa ya malaria. Kwinini nayo inatoka katika ganda la mti wa kinkina, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini na ambao ulipandwa pia katika milima yetu ya Kivu. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini kutoka katika ganda hilo. Kabla ya hapo watu walikunywa ganda lililosagwa. Ganda moja lilikuwa na nguvu nyingi, lingine kidogo, na hakuna aliyeweza kujua kwa kutazama. Aliyepata kidogo alibaki na homa yake. Aliyepata nyingi mno aliumia, kwa sababu kwinini ikizidi huvumisha masikio, na ikizidi zaidi inaweza kuharibu macho na kuvuruga moyo. Ilipofanywa kidonge nguvu ilibaki ileile ya mti. Kilichoongezeka ni kipimo.

Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya malaria tunayopewa leo. Msingi wake ni mmea uitwao artemisia. Mwanasayansi wa China, mama Tu Youyou, alipata dawa iliyomo ndani ya mmea huo mwaka 1972, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba haliungi mkono watu kunywa chai au unga wa mmea huohuo kwa kutibu au kukinga malaria. Sababu ni kwamba dawa iliyomo katika majani inabadilika kutoka shamba hata shamba, mara nyingi ni kidogo mno kuua vijidudu vyote, na vijidudu vinavyobaki vinaweza kujifunza kuishinda dawa.

Tunajifunza jambo moja hapa: nguvu inayoponya ndiyo hiyohiyo inayoweza kudhuru. Anayetuambia kwamba majani yake yana nguvu ya kutibu magonjwa kumi, na papo hapo kwamba hayawezi kumdhuru mtu hata kidogo, anatuambia maneno mawili yasiyokaa katika nyumba moja.

KARATASI NDEFU NA CHUPA ILIYONYAMAZA

Wauzaji wana hoja moja inayowashika wengi. Wanasema: "Fungua boksi la dawa ya hospitali, usome karatasi iliyo ndani. Kichefuchefu, kizunguzungu, upele, ini, figo! Sasa tazama chupa yetu. Imeandikwa madhara gani? Hakuna."

Wapendwa, ile karatasi ndefu ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu walioulizwa maswali. Kabla dawa haijaruhusiwa, kiwanda hulazimika kuwapa watu chini ya uangalizi, kuandika kila kilichowapata, na kupeleka maandishi hayo kwa mamlaka. Baada ya kuruhusiwa, madhara mapya yakionekana huongezwa katika karatasi. Chupa isiyo na orodha ya madhara huenda ni chupa ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza kitu. Mtoto akinyamaza chumbani, mama hasemi tu kwamba yuko salama. Anakwenda kutazama.

Nyingi ya chupa hizo husifiwa kwamba zinatoka Marekani, nchi ya wataalamu. Basi tuseme sheria ya huko ilivyo. Dawa ya Marekani haiuzwi mpaka kiwanda kiionyeshe serikali kwamba ni salama na kwamba inafanya kazi. Lakini sheria ya mwaka 1994 iliweka virutubisho upande wa chakula. Muuzaji halazimiki kuionyesha serikali kwanza kwamba kirutubisho kinatibu kitu. Kikileta hatari, ni serikali inayopaswa kuthibitisha hatari hiyo ndipo ikiondoe. Mmea uitwao efedra uliuzwa hivyo kwa kupunguza unene na kuongeza nguvu. Watu walipata kiharusi na shtuko la moyo, wengine wakafa, na ulikatazwa mwaka 2004 tu. Kwa sababu hiyo chupa za huko zinazojisifu kwamba zinasaidia mwili huandikwa pia, kwa herufi ndogo za Kiingereza, kwamba serikali haijayapima maneno hayo na kwamba kitu hicho hakikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Sisi tuliosoma Kifaransa, au ambao hatukupata nafasi ya kusoma, tunapita juu ya herufi hizo. Muuzaji anasema kwa mdomo kile ambacho chupa yake inakikana kwa maandishi.

Kuna la kuhuzunisha zaidi. Maabara katika nchi mbalimbali zimefungua unga ulioitwa wa asili na kukuta ndani yake dawa za kiwandani zilizofichwa: dawa ya nguvu za kiume, au dawa kali za maumivu na uvimbe. Mtu anakimbia vidonge vya hospitali, kisha anavinywa bila kujua na bila kipimo.

MZEE ALIYEBAKI NYUMA

Wengine mnatuambia: "Mchungaji, hizo ni chupa za mjini. Sisi tunasema juu ya mubirizi na mizizi ya babu zetu. Hizo zimepimwa na miaka." Tunaheshimu neno hilo, na kwa sehemu ni kweli.

Kule nyumbani mitishamba haikuwa bila usimamizi. Kijiji kilikuwa msimamizi. Mzee aliyejua miti alijulikana kwa jina lake na la baba yake. Aliwanywesha watoto wake mwenyewe dawa hiyohiyo. Alijua mti unachimbwa majira gani, mama mwenye mimba asiguse nini, na mtoto apewe vijiko vingapi. Mtu akifa, ukoo ulikwenda kwake kumuuliza, naye hakuwa na mahali pa kukimbilia.

Vita ilitutawanya. Mitishamba ilikuja kambini, lakini yule mzee hakuja nayo. Wengine wamezikwa huko, wengine wako katika kambi nyingine. Hapa tuna watu waliosikia nusu ya habari. Udongo ni mwingine na miti ni mingine, na lugha zetu nyingi zinaita miti miwili kwa jina moja, au mti mmoja kwa majina matatu. Anayeuza mzizi sokoni wiki hii, wiki ijayo amehamia mtaa mwingine.

Tena yako madhara ambayo hata mzee hakuweza kuyaona. Kama jani linatapisha leo, kijiji kitajua kesho. Kama linaharibu figo polepole kwa miaka, nani ataunganisha kikombe cha zamani na kaburi la leo? Katika Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya China. Mmea mmoja uliingia mahali pa mwingine kwa sababu majina yao yanafanana. Mmea huo, wa jamii ya aristolokia, ni wa jamii iliyotumika kama dawa kwa karne nyingi. Wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo, na baadaye wengine wakapata kansa. Karne zote zile hazikuwa zimeonyesha hatari hiyo waziwazi.

Biblia inalijua jambo hili. Katika 2 Wafalme 4:38-41 kulikuwa na njaa, na mmoja wa wana wa manabii alitoka kutafuta mboga. Akaona mmea wa mwitu, akajaza nguo yake matunda yake, akayakatia ndani ya chungu, kwa sababu hawakuyajua. Ona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na njaa kama sisi na alitaka kuwalisha wenzake. Lakini walipoonja walilia kwamba mauti imo chunguni, wakaacha kula. Elisha hakuwakemea kwamba wamekosa imani, wala hakuwaambia kwamba matunda ni ya asili kwa hiyo waendelee. Alisikiliza kilio chao, kisha Bwana akawaponya kwa mkono wake. Kanisa lisilosikiliza kilio cha walioonja halifuati mfano wa Elisha.

KIDONGE NACHO KINAWEZA KUUA

Mtu asitoke hapa akisema kwamba wachungaji wanahubiri vidonge. Yule mwanamke wa Marko 5 aliteswa na matabibu wengi na kutumia vyote alivyokuwa navyo, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Dawa za viwandani nazo zimeua.

Mwaka 1937 kule Marekani dawa ya maji iliyouzwa bila kupimwa usalama wake iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto, kwa sababu iliyeyushwa katika kemikali yenye sumu. Ilikuwa baada ya misiba hiyo, mwaka 1938, ndipo sheria ilipodai usalama uonyeshwe kwanza. Karibu na mwaka 1960 dawa ya usingizi na kichefuchefu iitwayo thalidomide iliuzwa katika nchi nyingi, na watoto maelfu walizaliwa bila mikono au miguu kamili. Katika Marekani haikuruhusiwa kuuzwa, kwa sababu daktari mmoja wa serikali, mama Frances Kelsey, alikataa kutia sahihi. Kiwanda kilimsukuma mara nyingi, naye kila mara aliomba ushahidi zaidi. Watoto wengi wana mikono yao leo kwa sababu mtu mmoja hakuchoka kuuliza.

Mahali pasipo mtu wa kuuliza, msiba unarudi. Mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa kwa kuharibika figo baada ya kunywa dawa za maji za kikohozi na homa, na ndani yake ilikutwa kemikali ileile ya mwaka 1937. Na ninyi mliotoka Ituri, hamkusahau mwisho wa mwaka 2014 na mwaka 2015. Watu zaidi ya elfu moja, wengi wao watoto, walipinda shingo na nyuso, na mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Kumbe vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepam vilikuwa na dawa nyingine, haloperidol, ya wagonjwa wa akili. Watu 11 walikufa. Vilikuwa vidonge halisi vya kiwandani. Havikuwa na mtu wa kuvijibia njiani, kama mzizi wa soko usiojulikana umechimbwa wapi.

UKINGO WA DARI NA NG'OMBE MWENYE PEMBE

Kwa hiyo tunasema hivi: usalama wa dawa hauonekani kwa kutazama kama ni jani au ni kidonge. Unaonekana kwa kuuliza ni nani atakayejibu ikidhuru.

Torati ilifundisha jambo hili kwa njia mbili. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba aliamriwa kuweka ukingo kuzunguka dari, asije akaleta hatia ya damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Hakuruhusiwa kungoja wa kwanza aanguke. Mzigo ulikuwa juu ya mjenzi, kabla ya msiba. Hiyo ndiyo kazi ya kupima dawa kabla ya kuiuza. Katika Kutoka 21:28-29, ng'ombe akiua mtu kwa mara ya kwanza mwenyewe hakuhesabiwa hatia. Lakini kama ng'ombe alizoea kupiga watu kwa pembe, na mwenyewe akaonywa, naye asimfunge, hatia ilikuwa yake. Hiyo ndiyo kazi ya kusikiliza habari za madhara baada ya kuuza, na kuiondoa dawa sokoni.

Hapa Uganda kazi hiyo imepewa NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, ambayo huandikisha vidonge na pia dawa za mitishamba. Mamlaka ni watu, na watu hukosea na wengine hupokea rushwa. Hata hivyo, yule anayewaambia "hii haina haja ya kupimwa, niamini tu" anajenga dari bila ukingo na kuwaalika watoto wako wakacheze juu yake. Sisi wa kambini hatuna mwili wa akiba. Mwenye mali akidhurika ana gari na hospitali kubwa. Mtoto wetu mwenye utapiamlo ana usiku mmoja tu.

KIKOMBE NA MCHUNGAJI

Kanisa lina hatari yake pekee, kwa sababu watu wanatuamini. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Mzee Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, alitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto. Watu maelfu kwa maelfu walikwenda, hata kutoka Kenya na hapa Uganda, na wengine walifia njiani au katika foleni. Wako wenye virusi vya UKIMWI walioacha ARV wakiamini wamepona, na ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Mzee yule alifariki mwaka 2021, na hukumu ya moyo wake ni ya Mungu. Bei yake ilikuwa ndogo, hakuwanyang'anya maskini. Lakini alipoongeza jina la Mungu juu ya kikombe, watu waliona haya kukiuliza. Hapo ndipo tunaogopa. Dawa inayotangazwa madhabahuni haiulizwi tena, kwa sababu kuiuliza kunafanana na kumuuliza Mungu. Ndiyo maana baraza limekataa matangazo hayo, ya unga na ya vidonge vilevile.

BASI TUFANYE NINI?

Tunajua kwa nini watu wananunua. Mama anapanga mstari tangu alfajiri, saa nane anaambiwa dawa imekwisha, anarudi na Panadol. Muuzaji wa chupa anamkaribisha, anamwita dada, anamsikiliza nusu saa. Hatutamlaumu mama huyo. Tutawaomba wawakilishi wetu katika mikutano ya kituo cha afya waseme kwa sauti, kila mwezi, dawa zipi zimekosekana. Hiyo nayo ni kudai jibu.

Kwa nyumba zetu tunaomba haya. Asiyeweza kukwambia kilichomo, kipimo, nani asitumie, na utampata wapi ukidhurika, usinunue kwake. Kama unakunywa mitishamba, mwambie muuguzi bila haya, maana majani mengine hupigana na vidonge. Usiache ARV, dawa ya kifua kikuu, ya sukari au ya presha kwa sababu ya chupa yoyote. Mama mwenye mimba na mtoto mchanga wasipewe mizizi, hasa ile ya kuharakisha uchungu. Vidonge visinunuliwe juu ya meza ya soko, wala visigawanywe kwa majirani. Dawa yoyote ikikudhuru, rudi useme, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT. Kilio chako kinaweza kuokoa mtoto wa mwingine.

Na mama mjane anayeuza mizizi ili alishe watoto, tusimfukuze. Tumsaidie apate cha kuuza ambacho hakitamnyima usingizi: tangawizi ya chai, mboga, sabuni.

Luka alikuwa tabibu na alitembea na Paulo, na hatusomi kwamba maombi ya Paulo yalipungua kwa hilo. Tuombe na tuulize. Mungu mwenyewe alimuuliza Kaini habari za ndugu yake. Siku moja tutaulizwa pia juu ya kile tulichotia katika kikombe cha jirani.

Sisi watumishi wenu katika Bwana.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani:
1. Somo la 2 Wafalme 4:38-41. Katika mtaa wetu ni nani "wanaoonja na kulia", na je, tunawasikiliza?
2. Kule nyumbani nani alimsimamia mzee wa dawa? Hapa kambini nani amechukua nafasi hiyo?
3. Ni kitu gani tunauza au kugawa sisi wenyewe bila kuwa tayari kujibu?